Nililia kwenye Simu ya Upepo

Uliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita, sogea nikupe kwa kifupi. Wengine mnivumilie.

Mimi ni Adelgunda, muuguzi mkunga, mzaliwa wa Muleba. Kazi ilinileta kwenye zahanati ya parokia huku Mabira, Karagwe, nikaolewa hukuhuku na Theoneste, dereva, kijana wa kijiji cha Rugera ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Nyumbani kwetu walinuna. Mimi nikaenda.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mto wa mpakani kwa maelfu, Theoneste alipata kazi ya kuendesha gari la shirika moja la misaada kambini. Mwaka huohuo nikajifungua mtoto wa kiume kabla miezi haijatimia. Aliishi asubuhi mpaka mchana.

Theoneste alifika udongo umesharudishwa kaburini. Aliuliza jembe liko wapi. Akavunja mabonge yaliyobaki pembeni, akasawazisha, akanawa mikono, akarudi kambini.

Hatukuzungumza habari ya siku ile. Si kesho yake, wala mwaka ulipogeuka.

Ndipo mikono yangu ilipoanza kutetemeka. Fikirieni: mkunga mwenye mikono inayotetemeka. Moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Usingizi ulinihama. Wiki iliyopita niliishia pale nilipoelekezwa kwa mshauri mmoja aliyekuwa Mwanza, Mama Renatha. Shirika lilimwajiri awasikilize watumishi walioelemewa na mambo waliyoyaona kambini, na sisi wa zahanati za vijijini tukaruhusiwa pia.

Mwanza ni mbali, na barua zilichelewa. Tukawa tunazungumza kwa simu ya upepo, kila anayemaliza kusema anatamka "ova", yaani zamu yako.

Shirika lilikuwa limetuazima mashine ile ili tutoe taarifa za wagonjwa wa kuhara damu. Kila Alhamisi alasiri Melkiory, mtoa dawa wetu, alisoma taarifa zake, kisha akainuka, akanipa kiti, akatoka na kufunga mlango. Nikabaki na betri ya gari, waya, mvumo kama wa mvua ya mbali, na sauti ya mwanamke nisiyewahi kumwona.

Tuendelee sasa.

"Mama Renatha, hapa Mabira. Adelgunda. Ova."

"Nakupata, Adelgunda. Mikono inasemaje wiki hii? Ova."

Alianza hivyo siku zote. Hakuuliza habari za mume. Aliuliza habari za mikono.

Nikamwambia kwamba juzi mama mmoja alijifungua salama kabisa, mtoto akalia, wote wakafurahi, nami nikatoka nje nikakaa kwenye nyasi kwa kuwa miguu ilikataa kunibeba.

"Ulipokaa kwenye nyasi, nani alikuja? Ova."

"Hakuja mtu. Ova."

"Ungependa aje nani? Ova."

Simu ya upepo si kama ya waya. Anayebonyeza kitufe ndiye anayesema, wengine wote wanasikiliza. Ukinyamaza bila kubonyeza, mwenzako hajui kama unafikiri, unalia, au umekwenda zako. Mama Renatha alikuwa na moyo wa kungoja.

"Theoneste," nilisema hatimaye. "Ova."

"Yeye anajua hivyo? Ova."

"Mama, nitamwambia nini mtu yule? Kuishi na Theoneste ni kama kuishi na koti lililotundikwa ukutani. Ukiingia unalikuta, ukitoka unaliacha. Ova."

Akacheka kidogo, cheko la kunihurumia. Ndipo nikamtolea la moyoni. Kwenye gulio, mwanamke anayeuza dagaa alikuwa amenivuta pembeni. "Nesi, mumeo anakula kwa nani huko kambini? Kila asubuhi na kila jioni yuko mlangoni kwa mwanamke mmoja anaitwa Anonciata."

"Na wewe ukamjibu nini? Ova."

"Nikanunua dagaa. Ova."

Safari hii hakucheka.

"Adelgunda, hilo tumelipata kwa muuza dagaa. Mwenyewe umemwuliza? Ova."

"Sijamwuliza. Ova."

"Akija, mwulize. Lakini usianze na neno 'wewe'. Anza na 'mimi'. Mimi naumia. Mimi nimesikia jambo, naogopa. Mtu akisikia 'wewe' anainua ngao. Akisikia 'mimi' huenda akasikiliza. Jaribu mara moja tu, kisha uniambie. Ova."

Niliondoka pale kifua chepesi. Njiani nikawa najisemea peke yangu kama mtoto anayekariri katekisimu: mimi naumia, mimi naogopa, mimi nimesikia jambo.

Theoneste alikuja Jumapili baada ya misa. Alileta sukari, sabuni na mafuta ya taa, akavipanga mezani kama mtu anayekabidhi mzigo. Akamwamkia mama yake, Kantengwa, ambaye tulikuwa tukiishi naye. Kisha akasimama mlangoni mwa chumba chetu. Nilikuwa nakunja nguo.

Nikavuta pumzi. Mimi naumia. Mimi naogopa.

Akanitangulia.

"Habari za hapa," alisema. "Koti limekuja kutundikwa."

Nguo zikaniponyoka.

Neno lile nilikuwa nimelisema mara moja tu maishani mwangu, kwenye chumba kilichofungwa mlango.

"Nani kakuambia?"

"Niambiwe nini?"

"Theoneste, nani kakuambia neno hilo?"

"Kwani ni uongo?"

Ya 'mimi' yote yakanitoka kichwani. Nikaanza na 'wewe', nikaendelea na 'wewe', nikamaliza na 'wewe'. Wewe unatembea na Anonciata, wewe umesawazisha kaburi la mwanao kwa jembe la kuazima ukaondoka, wewe unanipeleleza. Yeye alikuwa ananitazama tu. Nilipotaja jina la Anonciata alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, kisha akaufunga.

Akachukua kofia yake. Nikasikia gari likiwaka.

Kantengwa alichungulia kutoka jikoni. "Ameondoka bila kula?"

Nikainama kuokota nguo. Akarudi jikoni. Ndizi zilipoiva, kila mmoja alikula mahali pake.

Asubuhi iliyofuata nilimvamia Melkiory kabla hajafungua dirisha la dawa.

"Umekuwa ukisikiliza mlangoni!"

"Mimi, Nesi?"

"Wewe! Umempelekea mume wangu maneno yangu."

Melkiory alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, mwimbaji wa kwaya.

"Nesi, Alhamisi nikitoka mle ndani nakwenda kukaa pale kisimani, kila mtu ananiona. Waulize wachota maji."

"Basi maneno yangu yametokaje?"

Akanitazama kama mtu anayeogopa kumpa mwenzake habari ya msiba.

"Ina maana hawakukuambia? Nesi, ile si simu. Ile ni redio. Kila mwenye mashine iliyowekwa kwenye masafa yale anasikia kila neno."

"Nani ana mashine?"

"Sisi. Mwanza. Ofisi ya kambini." Akaelekeza kidole barabarani. "Na magari. Magari yao yote."

Nikaketi juu ya katoni la dawa.

Nilikumbuka Alhamisi zote. Niliyosema juu ya kitanda chetu. Niliyosema juu ya mama mkwe. Siku niliyolia mpaka nikasahau kuachia kitufe, nikawa nalia masikioni mwa mkoa mzima. Madereva wakiwa njiani, wakila mahindi ya kuchoma, wananisikiliza mimi.

Alhamisi ilipofika nilikwenda, lakini si kwa ajili ya ushauri.

"Mama Renatha, hapa Mabira. Ulijua kwamba watu wanatusikia? Ova."

Mvumo.

"Nilijua kwamba inawezekana," alisema. "Nilidhani umeshaelezwa na waliokufundisha kutumia mashine. Sikukuuliza. Ilikuwa kazi yangu kukuambia siku ya kwanza kabla hujafungua mdomo, na sikufanya hivyo. Nimekukosea, Adelgunda. Sina cha kujitetea. Ova."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Mtu akikubali kosa lake namna ile, hasira inakosa pa kushika, inakurudia mwenyewe.

"Mume wangu amesikia. Ova."

"Umejuaje? Ova."

Nikamsimulia.

"Unaweza kuja Mwanza? Nitaomba wakulipie nauli tukae uso kwa uso. Au nikuandikie. Au tusimame hapa kwanza upumzike. Uamuzi ni wako. Ova."

"Tusimame," nilisema. "Usiniite tena. Ova."

"Nimekuelewa. Lakini nitakuwepo. Kila Alhamisi saa ileile nitakuwa nimefungua mashine, sitakuita. Ukitaka, utanikuta. Ova na mwisho."

Nikaweka kipaza sauti mezani, nikatoka.

Ndugu zangu, nilidhani upweke naujua. Nilikuwa siujui.

Mtu ambaye hajawahi kusikilizwa huzoea, hajui anakosa nini. Mimi nilikuwa nimeshaonja. Sasa Alhamisi alasiri ilifika kama siku nyingine, Melkiory anasoma taarifa zake, mimi nafua mashuka nyuma ya zahanati na kuimba kwa nguvu nisisikie mvumo ule.

Njiani nikikutana na gari la shirika niliinamisha kichwa. Dereva akinipungia mkono, nilijiuliza anajua lipi. Gulioni niliacha kwenda, nikawa namtuma jirani. Kanisani nilikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka.

Theoneste hakuja. Sukari ikaisha. Mafuta ya taa yakaisha. Tukawa tunalala jua likizama, mimi chumbani kwangu, Kantengwa chumbani kwake, katikati ukuta wa udongo. Nilimsikia akikohoa. Yeye bila shaka alinisikia nikijigeuza. Hakuna aliyemgongea mwenzake.

Mikono ikazidi. Nikamwomba padre anitafutie mkunga mwingine wa kusaidiana naye. Akasema ataandika Bukoba. Nilijua maana yake: hakuna atakayekuja karibuni.

Halafu ikaja siku moja, adhuhuri, tunamenya ndizi uani, mimi na Kantengwa. Kisu kikaniponyoka mara ya kwanza. Nikakiokota. Kikaniponyoka tena.

"Lete," alisema Kantengwa. Akaninyang'anya kisu na ndizi. Nikabaki nimekaa mikono mapajani kama mgeni.

Akamenya moja, akachukua nyingine. Kisha, bila kuinua uso, akasema:

"Unafanya kelele nyingi kwa mmoja. Mimi nilizika wawili njiani tukija huku."

Nikahisi kupigwa kofi. Nilikuwa naishi na mwanamke huyu tangu ndoa, na habari hiyo ilikuwa inafika masikioni mwangu leo.

"Mama, sikujua."

"Ungejulia wapi? Hata baba yake Theoneste tuliyekuwa naye njiani hakutaka kujua. Tulifukia, tukatembea. Tulipofika akajenga nyumba, akapanda migomba. Nilimsubiri aniulize. Amekufa hajaniuliza."

"Akuulize nini, Mama?"

"Chochote."

Akatupa ganda. Niliogopa kumwuliza, lakini nikamwuliza.

"Waliitwa nani?"

Kisu kikasimama. Mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mwanangu, alifunga macho.

"Wa kwanza aliitwa Sebahire," alisema. "Wa pili... Wa pili jina lake limenipotea, mkamwana. Miaka yote hii sikuwa na wa kumtajia. Limenipotea."

Akainuka, akaingia ndani, akaziacha ndizi zimemenywa nusu.

Sikumfuata. Nilikaa pale na kitu kimoja tu kichwani. Mwanangu alikuwa na jina. Nilimpa mwenyewe, kwa maji ya kwenye bakuli la zahanati, kwa kuwa padre alikuwa mbali na mtoto alikuwa anaondoka. Sikuwahi kumtajia mtu. Nilikuwa namsubiri Theoneste aulize.

Je, na mimi lingenipotea?

Alhamisi iliyofuata mvua ilianza mapema. Melkiory aliponiona naingia, alisoma taarifa zake haraka, akachukua mwavuli.

"Kaa," nikamwambia. "Usiende kulowa kisimani. Si siri tena."

Akakaa kwenye kona, akatazama ukuta.

Nikabonyeza. "Mama Renatha, hapa Mabira. Ova."

Hata mvumo haukupata nafasi. "Nakupata, Adelgunda! Nakupata. Mikono inasemaje? Ova."

"Inatetemeka. Mama, leo siongei na wewe. Nakuomba ukae tu, usikilize. Naongea na mume wangu, kama yumo ndani ya gari lake. Na madereva wengine kama mmo, sikilizeni tu, mmeshazoea. Ova."

"Umeamua mwenyewe? Ova."

"Nimeamua. Ova."

"Basi nipo. Ova."

Nikashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Theoneste. Mimi naumia. Nilipaswa kuanza hivyo Jumapili ile, nikashindwa. Mimi nilijifungua peke yangu, nimewazalisha wanawake wa tarafa nzima, na siku yangu sikuwa na mkono wa kushika. Nilijiambia uko kazini, una wagonjwa, huwezi kuwaacha watu wanakufa barabarani. Nilikusamehe hilo kabla hujafika. Ila ulifika ukauliza jembe. Hukuniuliza mtoto alikuwaje. Alikuwa na nywele nyingi. Alikuwa na kidevu chako. Nilimbatiza mwenyewe. Anaitwa Cassian. Umesikia? Mwanao anaitwa Cassian. Ova."

Nikaachia.

Mvumo. Mvua juu ya bati. Melkiory anajifuta uso kwa kiganja.

Kisha ikaja sauti. Ya mwanamke, na si Mama Renatha.

"Dada Adelgunda. Samahani kuingilia. Hapa ni ofisi ya kambini. Naitwa Anonciata. Ova."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Melkiory alinigeukia.

"Sema. Ova," nilisema, na sijui nilipata wapi sauti.

"Mimi ndiye ninayekaa na mashine hii. Madereva wote wanaripoti mlangoni kwangu asubuhi wakitoka na jioni wakirudi, ni utaratibu. Nimesikia mnavyonisema na sikuwa na haki ya kujibu, kwa sababu sikuwa na haki ya kusikiliza. Dada, siku moja Theoneste alikuwa amesimama hapa mlangoni ulipoingia hewani. Nikataka kuzima. Akasema usizime, huyo ni mke wangu. Akakaa kizingitini mpaka ulipomaliza. Tangu hapo kila Alhamisi alikuja kukaa kizingitini. Haongei, haombi maji. Ulipoacha kuongea, yeye hakuacha kuja. Anakaa, anasikiliza mvumo, anaondoka. Ova."

Nikaegemea meza.

Kumbe wakati mimi nilipokuwa nafua mashuka na kuimba nisisikie, mume wangu alikuwa amekaa kizingitini kwa mtu akiningoja.

"Yupo hapo sasa? Ova."

"Hayupo. Ndiyo sababu nimeingilia. Ametoka na gari asubuhi bila kuripoti, na hiyo si kawaida yake. Nimemwita tangu asubuhi. Haitikii. Nilikuwa naomba Mungu awe amekuja kwako. Ova."

"Hajaja kwangu. Ova."

Mama Renatha akaingia, sauti imebadilika, ya mtu wa kazi. "Anonciata, kuna mtu wa kumfuatilia? Ova."

"Magari mawili yametoka kumtafuta. Barabara zimeharibika kwa mvua. Ova."

Alipomaliza tu, kikasikika kitu kingine. Mvumo ulibadilika, kama mlango umefunguliwa mahali. Kulikuwa na muungurumo wa injini. Nyuma ya injini, kitu kizito kinachopita bila kukoma.

Melkiory alisimama. "Hayo ni maji," alinong'ona. "Nesi, hayo si maji ya mvua. Ni mto."

Mtu alikuwa amebonyeza kitufe na hasemi.

Nilimjua kwa pumzi yake. Mtu unayelala naye, hata akiwa amekupa mgongo, pumzi yake unaijua. Nilibonyeza nimwite, nikakumbuka kwamba yeye akiwa ameshikilia cha kwake, hatanisikia. Hakuna kati yetu aliyeweza kumfikia, si mimi, si Anonciata, si Mama Renatha na elimu yake yote. Tulichoweza ni kungoja.

"Sema tena jina lake," alisema Theoneste. Akaachia.

"Cassian," nilisema. "Anaitwa Cassian. Theoneste, uko wapi? Ova."

Pumzi tena. Injini ikazimwa. Sasa maji yalisikika vizuri zaidi.

"Usiseme kwamba nilikuwa na wagonjwa," alisema. Aliongea polepole, kama mtu anayeshuka mteremko wenye utelezi. "Siku ile Anonciata aliniita, akaniambia mkeo ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Kweli nilikuwa na watu nyuma. Nikasema nikiwashusha naenda. Nikawashusha. Ilikuwa bado asubuhi, Adelgunda. Barabara ilikuwa kavu. Nikageuza gari, nikafika mpaka kwenye njia panda ya kuja Mabira."

Akasita, hakuachia kitufe.

"Nilisimama pale. Nilikuwa nimebeba maiti za watoto wiki nzima. Nikajiambia, nikienda nitamkuta na wangu hivyohivyo. Sikuweza. Nilikaa kwenye gari mpaka jua likageuka. Gari lilikuwa tupu. Sikuwa na mgonjwa hata mmoja. Hiyo ndiyo nimeshindwa kukuambia. Alikuwa hai, nami nilikuwa njia panda."

Akaachia.

Mvumo ukarudi, ukajaa chumba chote.

Njia panda ile naijua, tunapita pale tukienda kukata nyasi. Kutoka pale ukipiga kelele mbwa wa zahanati wanabweka. Mwanangu alikuwa kifuani mwangu, ananitazama kwa jicho moja lililofunguka, nami najisemea baba yake yuko mbali anaokoa watu. Nilimwambia hivyo mtoto. Nilimwambia kwa sauti: baba yako anaokoa watu.

"Adelgunda," alisema Mama Renatha kwa upole. "Huna wajibu wa kumjibu hilo sasa. Unaweza kumwambia tu akae ndani ya gari, asubiri. Ninaweza kumwambia mimi kwa niaba yako. Ova."

"Dada, tafadhali," alisema Anonciata, na alikuwa analia. "Magari hayajafika huko. Ova."

Melkiory alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anasali.

Kule mtoni mtu mmoja alikuwa amekaa karibu na maji, mkono kwenye mashine, ananisubiri mimi. Mtu niliyemlilia Alhamisi zote zile nikiomba azungumze. Sasa alikuwa amezungumza.

Nikaitazama mikono yangu. Haikutetemeka. Ilikuwa imetulia kama mikono ya siku zile za zamani, na kutulia kwake kuliniogopesha kuliko chochote. Kwa maana mdomoni nilikuwa na neno moja tu, limeshaiva, limeshafika kwenye meno, na halikuwa neno la kumrudisha mtu nyumbani.

Nikabonyeza.

Itaendelea Jumapili ijayo.